Kabati la leseni

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa ghorofa ya tatu, katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kwenye kona yake lilisimama kabati la chuma la rangi ya kijivu lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao mhasibu, wa pili alikuwa nao meneja, kwa hiyo halikufunguliwa mpaka wote wawili wawepo. Ndani hamkuwa na fedha. Mlikuwa na maboksi 43 ya mfumo wa uhasibu. Kila boksi lilikuwa na CD mbili, kitabu kinene cha maelekezo, karatasi yenye namba ya leseni, na kile kidude cha plastiki cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, pale panapochomekwa waya wa printa. Kidude kisipokuwepo, mfumo haufunguki.

Nilianza kazi pale mwanzoni mwa mwaka 2000, nimetoka chuoni moja kwa moja. Kazi yangu ilikuwa kufunga mifumo. Naenda kwa mteja na boksi lake, naweka programu kwenye kompyuta, naingiza majina ya wadai na wadaiwa wake, naingiza mzigo uliomo stoo, kisha nakaa na karani wake wiki mbili au tatu mpaka azoee. Niliipenda kazi ile na bado naipenda. Mfanyabiashara aliyekuwa akikisia tu, siku anapoweza kuniambia anadai kiasi gani, anadaiwa kiasi gani na mwezi huu amebakiwa na nini, mimi hufurahi kana kwamba duka ni langu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi yangu ni daftari.

Maboksi yale 43 nimeyawaza kwa zaidi ya miaka 20. Kwa muda mrefu niliamini kwamba yalikuwa kosa la ofisi yetu peke yake, kwamba tulikosea hesabu. Baadaye, nilipoanza kusoma yaliyozipata kampuni kubwa za programu za biashara kule Marekani kati ya mwaka 2000 na 2005, nikaona kabati letu humo. Lilikuwa kwenye kila ukurasa, ila ukubwa ndio uliotofautiana.

Miaka ile programu ya kampuni iliuzwa kama gari. Unalipa leseni yote siku ya kwanza, mfumo unakuwa wako. Kisha kila mwaka unalipa ada ya matengenezo, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 22 ya bei ya leseni, ili upate marekebisho, matoleo mapya na mtu wa kupokea simu yako ukikwama. Kampuni kubwa zilizonunua mifumo ya SAP, Oracle, PeopleSoft au Siebel zililipa mamilioni ya dola kwa leseni pekee, na mara nyingi wataalamu wa kuifunga walichukua fedha nyingi kuliko leseni yenyewe. Sisi Dar tuliuza vitu vidogo: mfumo wa watumiaji 5 kwa dola 4,500, ambazo wakati ule zilikaribia shilingi milioni 3.5. Utaratibu ulikuwa uleule.

Utaratibu huo una ugonjwa ndani yake. Muuzaji anapata karibu fedha zote siku ya kutia saini, kwa hiyo kesho yake mawazo yake yako kwa mteja mwingine. Na kampuni yenye hisa sokoni inatangaza mauzo yake kila robo mwaka. Mkataba mkubwa ukisainiwa tarehe 30 Juni, robo imekuwa nzuri; ukisainiwa tarehe 1 Julai, robo imeharibika na hisa zinashuka. Wanunuzi waliujua udhaifu huo. Mkuu wa manunuzi wa kiwanda alikaa kimya miezi miwili na zaidi, simu hapokei, kisha siku tatu za mwisho anafungua mlango na kuambiwa bei ambayo Januari asingeisikia. Kila robo ikaanza kukopa mauzo ya robo inayofuata.

Hali hiyo ilitufikia mpaka ghorofa ya tatu. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba simu ya meneja wetu haikupumzika. Mkuu wa mauzo wa kanda, aliyekaa Johannesburg, alimsihi anunue leseni za akiba. Desemba 2000 alimpa bei ambayo hatukuwahi kuiona: chukua maboksi 50 kwa mkupuo mmoja, nusu bei, ulipe baada ya siku 90. Meneja wetu alikuwa mtu makini. Alitoa kalamu akapiga hesabu mbele yetu. Mwaka 1999 tuliuza mengi kuliko hayo, kwa hiyo 50 yataisha kabla ya Agosti. Akasaini, akakopa benki. Na kule juu maboksi yale 50 yakaandikwa vitabuni kuwa yameuzwa, ingawa hakuna mfanyabiashara hata mmoja aliyekuwa ameyanunua.

Kosa la hesabu ile lilikuwa kwenye huo mwaka 1999.

Watu wa rika langu wanakumbuka hofu ya mwaka 2000. Programu za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa hiyo baada ya 99 ingekuja 00, na kompyuta ingeweza kudhani imerudi 1900. Mabenki, viwanda na makampuni ya bima yalikuwa na mifumo ya miaka mingi ambayo ilitakiwa ifumuliwe mstari kwa mstari. Wengi waliona heri wanunue mpya. Matokeo yake mahitaji ambayo yangeenea kwa miaka mingi yalibanwa ndani ya miaka mitatu, 1997 mpaka 1999. Waliouza wakadhani ndiyo kasi ya kawaida ya soko. Wakaajiri kwa kasi hiyo, wakapanga ofisi kwa kasi hiyo.

Haraka ile iliumiza hata walionunua. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Pennsylvania, waliwasha mifumo mitatu kwa wakati mmoja katikati ya 1999, ya kiwanda, ya mipango ya usafirishaji na ya wateja. Ikafika Halloween, siku ambayo watoto wa Marekani hupita nyumba kwa nyumba wakigawiwa pipi, na oda za takriban dola milioni 100 zikashindwa kufika madukani. Chokoleti ilikuwepo maghalani. Mnunuzi alikuwepo dukani. Mfumo ndio haukujua chokoleti iko wapi. Mimi nimewahi kukaa stoo ya Kariakoo saa mbili usiku nikitafuta katoni ambazo kompyuta inasema zipo, na kila ninapoikumbuka habari ya Hershey nawaonea huruma makarani wa maghala yale, maana najua waliulizwa wao kwanza.

Januari 2000 ilipopita salama, kila aliyetakiwa kununua alikuwa ameshanunua. Pengo lingeonekana palepale, lakini likazibwa kwa muda na wanunuzi wapya: kampuni za intaneti zilizojazwa fedha na wawekezaji. Hizi zilinunua mifumo ya kusimamia wateja kabla hazijapata wateja. Aliyefaidi kuliko wote alikuwa Siebel Systems, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993 na Tom Siebel, mtu aliyejifunza kuuza akiwa Oracle. Mfumo wake ulifuatilia mauzo na wateja, na ndani ya miaka minane mapato yakapita dola bilioni 2 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa 2001, na hapo ndipo kilele kilipokuwa.

Soko la hisa lilikuwa limeshaanza kuanguka. Kipimo cha Nasdaq, soko la Marekani lenye hisa nyingi za kampuni za teknolojia, kilifika 5,048 tarehe 10 Machi 2000. Tarehe 9 Oktoba 2002 kilikuwa 1,114. Aliyekuwa na shilingi 100 alibaki na 22. Kampuni za intaneti zilipokufa zilitoweka pamoja na oda zao. Kampuni zilizobaki zikafungua makabati yao na kukuta leseni zilizolipiwa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzitumia, kwa sababu siku ya kununua zilikuja na punguzo na muuzaji alisema chukua za wafanyakazi wote kabisa. Nani anunue leseni mpya wakati za zamani hazijafunguliwa? Siebel ilishuka mpaka bilioni 1.6 mwaka 2002, na kama bilioni 1.35 mwaka 2003. Wateja wa zamani waliendelea kulipa matengenezo. Leseni mpya ndizo zilizokatika.

Kwetu mpaka Agosti 2001 tulikuwa tumeuza maboksi 7.

Siwezi kuieleza miezi ile bila uchungu. Kampuni iliyotengeneza mfumo wetu iliuzwa kwa kampuni nyingine, na mmiliki mpya akatangaza kwamba toleo letu halitaendelezwa. Maboksi 43 yakawa ni plastiki. Hayarudishwi, na benki inataka marejesho yake. Ofisi ya kanda ikafungwa. Yule mkuu wa mauzo wa Johannesburg alimpigia meneja simu ya mwisho, na safari hii hakuwa na cha kuuza. Na yeye kazi imeisha, alitaka kuomba radhi kwa maboksi ya Desemba. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia heri, akakata simu, akakaa muda mrefu akiangalia lile kabati. Mshahara wa Juni haukuja, wa Julai haukuja, wa Agosti haukuja. Tulikuwa watu 9, tukabaki 3. Mmoja wa walioondoka, dada aliyenifundisha kufunga hesabu za mwaka, alirudi kwao Tanga akiwa na mimba ya miezi sita na barua ya shukrani ya nusu ukurasa.

Mwaka uliofuata nilitumwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, kwa mzee mmoja wa khanga na vitenge. Alinunua mfumo wetu 1999, na mimi ndiye niliyemfungia nyongeza yake mwaka mmoja baadaye. Ada ya matengenezo alikuwa ameacha kulipa. Nilitakiwa nimshawishi alipe tena.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Leo umekuja kuniuzia nini?"

Nikaeleza. Alinisikiliza huku akikunja doti moja ya khanga ambayo mteja alikuwa ameifungua na kuiacha. Nilipomaliza akavuta droo ya kaunta, akatoa vitu viwili akaviweka mbele yangu: risiti ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa.

"Hii nimenunua jana. Ikiisha nanunua tena. Hii hali kadhalika. Nisipotumia, silipi. Nyinyi mlichukua milioni tatu na nusu zangu siku moja. Mnajua natumia nini katika huo mfumo wenu?"

Sikujua.

"Natoa ankara. Basi. Stoo naandika humu." Akagonga daftari lake la jalada jeusi. "Ningekuwa nawalipa kidogo kidogo kila mwezi, mngejua situmii, maana nisingelipa. Mngekuja kuniuliza, Mzee, kuna nini?"

Nikamuuliza palepale, miaka mitatu baada ya wakati wake. Mzee kuna nini? Akanionyesha. Yeye ananunua khanga kwa korja, anauza kwa doti, na anapompa mchuuzi mzigo wa kwenda nao Morogoro anampa kwa idadi watakayokubaliana. Mfumo, kama nilivyoufunga, ulijua kipimo kimoja tu, kipande. Wiki ya pili karani alichanganya korja na doti, stoo ikasoma khanga ambazo hazipo, na tangu siku ile hakuna aliyeiamini tena. Mfumo wenyewe ulikuwa na uwezo wa kushika vipimo viwili vya bidhaa moja. Ilikuwa ni kuweka tiki kwenye kisanduku kimoja na kuandika korja ina ngapi. Nilikaa jioni moja, tukahesabu mzigo wote yeye na mimi na karani wake, na ilipofika isha stoo ya kompyuta na stoo ya rafuni zilikuwa sawa.

Alikubali kulipa shilingi 40,000 kila mwezi, kwa sharti moja: niende mwenyewe kila mwisho wa mwezi tufunge hesabu pamoja. Nisipokwenda halipi.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja, na yote niliyosoma baadaye hayajanitoa kwenye imani hiyo. Mdororo ule haukuletwa na watu kuacha kuhitaji mifumo. Mzee alihitaji mfumo mwaka 1999, akauhitaji 2001, akauhitaji siku ile nilipokaa mbele yake. Ulioanguka ni mtindo wa kuuza ambao ulimruhusu muuzaji kuondoka. Na waliopona ni wale ambao fedha yao iliwalazimisha kurudi.

Pale San Francisco wazo la Mzee lilikuwa limeshapata mtu wa kulitekeleza, ingawa nilikuja kulijua baadaye sana. Marc Benioff alifanya kazi Oracle miaka 13. Mwaka 1999, na waandishi watatu wa programu, alianza Salesforce katika nyumba ndogo ya kupanga mlimani Telegraph Hill. Hakuna boksi, hakuna CD, hakuna seva ya kununua. Unafungua ukurasa wa intaneti na unalipa dola 50 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. Nembo yao ilikuwa neno lenyewe la programu kwa Kiingereza, software, limezungushiwa duara jekundu na kupigwa mstari. Februari 2000, Siebel ikiwa na mkutano wake mkubwa na watumiaji mjini humo, Benioff alikodi waigizaji wakaandamana nje na mabango ya kutangaza mwisho wa programu za maboksi.

Mimi ninachojali zaidi ni yaliyowapata baada ya mabango. Wateja wao wa mwanzo wengi walikuwa hizohizo kampuni za intaneti, nazo zikafa. Wakagundua pia tatizo ambalo mtu hawezi kulijua mpaka auze kwa mwezi: gharama ya kumpata mteja unailipa leo, lakini fedha yake inadondoka tone kwa tone kwa miaka. Kadiri unavyopata wateja wapya wengi, ndivyo mfuko unavyokauka. Walikaribia kukaukiwa kabisa. Kilichowaokoa ni kuwaomba wateja walipe mwaka mzima mbele. Na hata hapo mteja alibaki na nguvu yake, maana mwaka ukiisha anaweza kuondoka. Tarehe 23 Juni 2004 hisa zao ziliingia soko la New York kwa dola 11 kila moja, wakakusanya dola milioni 110. Wengi huhesabu siku ile kuwa ndiyo alama ya kwanza kwamba biashara ya programu imeinuka.

Ule ukame wa fedha ya mwezi naujua kwa mwili wangu. Mwishoni mwa 2003 tulikuwa na wateja 19 wa aina ya Mzee. Kwa shilingi 40,000 kila mmoja zilikuwa ni 760,000. Zililipa mishahara ya watu 3 na kodi ya chumba kidogo Ilala, ambako tulihamia na lile kabati. Mtu mmoja akichelewa kulipa, mmoja wetu anakwenda nyumbani kwa mguu. Lakini kila tarehe 1 tulijua mwezi huu kutaingia nini, na hilo wakati wa maboksi hatukuwahi kulijua.

Wakubwa wa zamani walipona kwa njia yao. Tarehe 2 Juni 2003 PeopleSoft, waliotengeneza mifumo ya mishahara na wafanyakazi, walitangaza kuinunua J.D. Edwards. Siku nne baadaye Oracle ikatangaza kuinunua PeopleSoft yenyewe, bila ridhaa yao, kwa dola bilioni 5.1. Vita vilichukua miezi 18. Serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia, jaji akaipa Oracle ushindi Septemba 2004, na Desemba bei ikafungwa kwa dola bilioni 10.3. Mwaka uliofuata ikakubali kuichukua na Siebel kwa bilioni 5.85.

Kwa nini ulipe mara mbili kwa kampuni ambayo leseni zake mpya haziuziki kama zamani? Kwa ajili ya ile ada ya matengenezo. Kampuni iliyokwisha kuhamishia mishahara ya watu 30,000 kwenye mfumo haihami kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Inalipa asilimia 20 yake kila mwaka, mvua inyeshe, jua liwake. Oracle ilinunua mito inayotiririka. Kama biashara siwezi kuibeza. Ilifanikiwa, na kampuni nyingine zikaiga. Ila Januari 2005 ilitangaza kupunguza watu 5,000, wengi wao wa PeopleSoft, na kampuni ile ilikuwa na sifa ya kuwapenda watu wake. Ninaposoma tarakimu hiyo namuona dada yule wa Tanga na barua yake ya nusu ukurasa.

Dave Duffield, mwanzilishi wa PeopleSoft, alikuwa na umri wa miaka 64. Alikuwa na fedha za kumtosha kupumzika. Machi 2005, miezi miwili baada ya kampuni yake kumezwa, yeye na Aneel Bhusri, waliyekuwa naye PeopleSoft, walianzisha Workday, mfumo wa wafanyakazi na hesabu unaotumika kupitia intaneti na kulipiwa kwa usajili. Watu wao wa zamani wakawafuata. Oktoba 2012 hisa zake zikaingia sokoni. Habari hii hunigusa kila mara. Alichokijua kuhusu mishahara na likizo na mikataba ya kazi hakikuwemo kwenye maboksi yaliyochukuliwa, kilikuwa kichwani mwake na mwa wenzake, na walipopata njia mpya ya kukifikisha kwa mteja wakaanza upya.

Huku kwetu mifumo ya intaneti ilibaki hadithi kwa miaka mingine mitano. Tulitegemea satelaiti, bei yake ya mwezi ilizidi mshahara wangu, na mawingu yakitanda inakatika. Julai 2009 ndipo waya wa SEACOM ulipoanza kazi, ukipita chini ya bahari na kutua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja waya mwingine, EASSy, na mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato ikaanza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watumie mashine za risiti za kielektroniki. Mtu akishalazimika kutoa risiti ya mashine, anaanza kutaka ankara, stoo na risiti visome kitu kimoja. Simu zetu zikaanza kulia. Na malipo ya kila mwezi, ambayo zamani nilipita kuyakusanya kwa miguu kutoka Narung'ombe mpaka Msimbazi, yakaanza kuja kwa M-Pesa.

Nasdaq yenyewe haikufunga tena juu ya kile kilele cha Machi 2000 mpaka Aprili 2015. Miaka 15. Watu husema soko lilipona, na ni kweli, lakini ndani ya miaka 15 mtoto aliyekuwa tumboni anaingia sekondari.

Kisha ugonjwa ukarudi kwa sura nyingine. Wakati wa korona kila kampuni ilitaka kazi ifanyike mtandaoni, na wauzaji wa programu wakaajiri kwa kasi ya miaka ile, kama vile 1999 haijawahi kutokea. Mwaka 2022 riba ikapanda Marekani, fedha rahisi ikaisha, wanunuzi wakaanza kuhesabu. Mfumo unaolipiwa kwa kila mtumiaji una udhaifu wake: kampuni ikipunguza wafanyakazi, inapunguza na idadi ya watumiaji. Januari 2023 Salesforce ilitangaza kupunguza asilimia 10 ya watu wake, na mwezi huohuo SAP ikataja nafasi zipatazo 3,000. Na hata kule kwenye usajili wauzaji walikuwa wameanza kusukuma mikataba ya miaka mitatu yenye punguzo, siku za mwisho za robo, kwa idadi ya watumiaji ambayo mteja hana. Nikiona mkataba wa namna hiyo mezani kwa mteja wangu namwambia asisaini. Leseni zimehamia hewani, lakini kabati ni lilelile.

Kwetu mwaka ule wateja 6 walipiga simu kupunguza watumiaji. Tulikuwa tumeshajua kabla hawajapiga. Siku hizi mfumo unaonyesha nani hajaufungua kwa siku 30, na kila Jumatatu asubuhi mimi na vijana wangu tunapitia orodha hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Jina likitokea, mtu anakwenda. Hatupeleki bei mpya. Tunauliza kuna nini. Mara nyingi ni jambo dogo: karani mpya hakufundishwa, simu ya duka imeibiwa, bidhaa moja imeingizwa kwa vipimo viwili. Kati ya wale 6, wanne walirudisha idadi yao ndani ya mwaka.

Mzee alifariki 2016, Mungu amrehemu. Duka analo binti yake. Ameongeza mashuka na mapazia, na ana kijana anayeuza kwa simu mpaka Mwanza na Bujumbura. Daftari jeusi bado lipo chini ya kaunta, na sikuwahi kumwambia aliondoe.

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa pale. Tulikuwa tumefunga mlango nusu, feni inazunguka, kijana yuko juu ya ngazi anataja na yeye binti anasoma kwenye skrini. Mfumo ulisema doti 214, rafu ikasema 211. Tukahesabu mara ya pili, 211. Akanyamaza, akainama, akavuta daftari la baba yake. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa kijana, ziliandikwa doti tatu alizokopeshwa mama ntilie wa nje kwa ajili ya harusi ya mwanawe, alipe Ijumaa. Kijana alikuwa hajui pa kuingiza mkopo wa jirani. Nikamuonyesha. Ilituchukua dakika nne.

"Dada," akaniambia huku akizima taa za nyuma, "mwezi ujao utapiga simu au utakuja?"

"Nitakuja."